Kashata za madrasa na watoto wenye mzio
Katumba, makazi waliyopewa wakimbizi wa Burundi baada ya mauaji ya 1972, karanga hulimwa. Sadaka ya kashata inapogawiwa madrasani, nani atashuku? Lakini wapo watoto ambao punje moja huwavimbisha midomo na kuwabana pumzi, na mzio huo waweza kuua. Karanga hujificha pia katika unga wa lishe na mafuta yaliyokwisha kukaangiwa karanga. Tunawaomba wazazi wamweleze ustadhi mapema, naye asimlazimishe mtoto anayekataa. Si kila anayekataa anadeka. Mwenye kuleta sadaka na aulize kwanza, pengine alete ndizi mbivu. Mtoto akianza kuvimba, akimbizwe kituo cha afya papo hapo, asisubirishwe kwa kikombe cha maziwa.