Bodi ya bob 850 na mayai ya chama: ipime kabla hujalipa

Kama uko na binamu anayependa mambo ya elektroniki, siku yako inakuja. Utapata meseji kama ile niliyopata mimi: "Dada, nitumie 850 ninunue Pico. Nataka kumtengenezea mamangu mashine ya kuangulia mayai." Mamake ni shangazi yangu, anaishi Pap Onditi, na mayai yenyewe si yake peke yake. Ni ya chama cha akina mama 12. Walikuwa wamekubaliana kununua mayai 60 ya kienyeji kwa bob 25 kila moja, hiyo ni 1,500, wakingoja tu mashine iwe tayari.

Sasa mimi nimesomea marketing, si umeme. Lakini kazi yangu hapa ni kuwaeleza watu jinsi ya kulipa bila kulia baadaye, kwa hivyo niliuliza maswali mengi kabla ya kubonyeza chochote. Nilipomaliza nilikuwa na maoni yangu, na ndiyo nimeyaleta hapa: bodi hii ni nzuri na bei yake ni ya haki, lakini usiipime kwa hiyo bei. Ipime kwa mayai yatakayokaa chini yake.

Tuanze na kitu chenyewe. Raspberry Pi Pico ilitoka Januari 2021, imetengenezwa na kampuni ya Cambridge, Uingereza, na ilizinduliwa kwa dola 4. Ni bodi ndogo, urefu wake kama kidole, na katikati ina chipu inayoitwa RP2040. Chipu ya aina hii ndiyo maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya kufanya kazi moja bila kuchoka: soma joto, washa balbu, zima balbu, rudia. Kama umewahi kulipia sola kwa simu kidogo kidogo kila siku, lile boksi la ukutani lina ndugu ya chipu hii ndani. Ndiyo inayojua umelipa au hujalipa.

Unaichomeka kwa kompyuta kwa kebo ya USB ukiwa umebonyeza kitufe chake kidogo, inatokea kama flashi, unaivutia faili, basi imeanza kazi. Hakuna kifaa kingine cha kununua ili kuiwekea programu. Kwa mwanafunzi wa kijijini hilo ni jambo kubwa, na hapo sina ubishi na binamu yangu. Ina pini 26 za kuunganishia vitu na kumbukumbu ya kilobaiti 264, ambayo kwa kazi ya balbu na joto ni shamba kubwa kwa mbuzi mmoja.

Shida zinaanzia nje ya bodi.

Ya kwanza ilikuwa malipo. Binamu alikuwa ameona moja mtandaoni kwa 550, muuzaji anataka itumwe kwa namba yake binafsi "ndio mzigo utoke leo". Duka la Nairobi liliuza 850 na lilikuwa na till. Nililipa 850. Ukilipa kwa till unaona jina la biashara kabla ya kuthibitisha malipo, na meseji inayobaki kwa simu inasema umelipa nani. Ukituma kwa namba ya mtu halafu bodi ifike imekufa, au isifike kabisa, unachobaki nacho ni jina la mtu usiyemjua. Na wacha niseme ukweli ambao hatupendi kuusema kwenye matangazo: unaweza kuomba pesa irudishwe, lakini kama mpokeaji ameshaitoa, kuomba si kupata. Hiyo 300 ya tofauti niliihesabu kama bima.

Ya pili ni kebo, na hii ilitupotezea siku mbili nzima. Mzigo ulikuja Kisumu kwa basi, ukapanda matatu ya Katito, binamu akaupokea stejini. Akachomeka bodi kwa laptopu kwa kebo ya chaja ya simu yake. Kimya. Akaamini tumeuziwa feki. Kumbe kebo nyingi za bei rahisi zina waya za kuchaji tu, hazina zile mbili za kupitisha data. Kabla hujamlaumu mwenye duka, jaribu kebo hiyo kwa simu: kama simu inachaji lakini picha hazionekani kwa kompyuta, huenda kebo ndiyo mkosaji. Tulinunua nyingine kwa 200.

Halafu tukaiua bodi. Naandika "tuka" kwa heshima ya familia. Binamu alifuata mchoro aliopata uliochorwa kwa ajili ya Arduino Uno, bodi ya zamani inayofanya kazi kwa volti 5. Pini za Pico ni za volti 3.3. Alipounganisha waya wa volti 5 kwenye pini, bodi ilipata moto, na kuanzia hapo kompyuta haikuiona tena. Hakuna alama nyekundu, hakuna onyo. Watu wanaosifu bodi hizi kwa bei hawakuambii kwamba sehemu ya bei ndogo ni hii: haikulindi na makosa yako. Kwa anayejifunza, nunua mbili au jipange kisaikolojia.

Hata hivyo kilichonitia wasiwasi zaidi ni sensa. Ile rahisi iliyopendekezwa, DHT11, tuliinunua kwa 200. Nikasoma karatasi yake: inaweza kukosea kwa nyuzi 2 juu au chini. Mayai ya kuku yanahitaji karibu nyuzi 37.5 kwa siku 21. Sasa fikiria skrini inasema 37.5 na ndani ni 39.5, siku baada ya siku. Vifaranga wanafia kwenye maganda na hujui hadi siku ya 21 ambapo hakuna kinacholia. Tukanunua DS18B20, ile yenye ncha ya chuma, kwa 300. Hiyo hukosea nusu nyuzi. Na kwa sababu feki zake ni nyingi, tulifunga ncha yake pamoja na kipimajoto cha homa, tukaviweka kwenye maji ya vuguvugu, tukalinganisha. Kipimajoto hicho karibu kila nyumba yenye mtoto inacho. Kama vinatofautiana kwa zaidi ya nusu nyuzi, rudisha sensa.

Shangazi naye alikuwa na swali moja tu, na ndilo lililokuwa bora kuliko yote niliyouliza mimi. "Nyathina, stima ikipotea?"

Pap Onditi mvua ikija jioni unajua la kufuata. Binamu alijibu haraka kwamba bodi itakaa kwa pawabanki. Tulijaribu. Baada ya muda mfupi pawabanki ilijizima yenyewe, kwa sababu bodi inakula umeme kidogo sana hadi pawabanki inadhani hakuna kitu kimechomekwa. Na hata ingekaa, balbu ndizo zinazopasha joto, na hizo ni za stima ya ukutani. Bodi iliyo macho ndani ya boksi linalopoa haisaidii yai. Jibu likawa la shangazi mwenyewe: chupa za maji moto na blanketi, na mtu wa kuamka usiku. Bodi inapunguza kazi ya kuamka. Haiiondoi.

Je, si inaweza kumtumia meseji stima ikipotea? Pico ya kawaida haiwezi. Haina laini, haina waifai. Kuna Pico W iliyotoka 2022 ambayo ina waifai, lakini waifai ya nani huko? Moduli ya laini ya simu ipo, ila zile rahisi za 2G hudai umeme wa ghafla hadi ampea 2 zikitafuta mtandao, na USB ya laptopu haitoi hiyo. Kwa hivyo ukiona tangazo la bodi ya bei hii limeandikwa "pokea malipo" au "tayari kwa intaneti", sisi wa marketing tunajua hilo neno limefanya kazi gani hapo. Na mtu akikwambia uandike PIN yako ndani ya programu ili mashine ikuangalizie salio, funga mazungumzo. Hakuna bodi inayohitaji PIN yako.

Hesabu ilisimama hivi. Bodi mbili 1,700, sensa mbili 500, rilei ya kuwasha balbu 250, kebo 200, nauli ya mizigo mara mbili 600, fundi wa Katito kutuchomelea pini 100. Jumla 3,350, na bado sijahesabu boksi, balbu, na fundi wa stima tuliyesisitiza afunge upande wa volti 240, kwa sababu hapo hakuna mzaha. Bodi ya 850 imekuwa mradi wa karibu mara nne ya bei yake.

Kuna mjomba alisema tungenunua tu mashine iliyo tayari. Labda. Lakini iliyo tayari ikiharibika siku ya 12, hakuna mtu Pap Onditi wa kuifungua, na hii binamu anaijua kila waya. Kwa chama ambacho hakina pesa ya kupoteza mara mbili, mimi naipa bodi alama nzuri, kwa sharti moja ambalo nililisema mbele ya akina mama wote 12 na nikatazamwa vibaya: yasinunuliwe mayai 60.

Mashine ilikaa siku tatu na chupa za maji badala ya mayai, shangazi akiandika joto kwa daftari asubuhi, mchana na usiku. Stima ilipotea mara moja. Halafu wakanunua mayai 12, bob 300, moja kwa kila mama. Leo ni siku ya 9. Jana usiku waliyamulika kwa tochi ya simu, na kwa tisa walionesha mishipa. Matatu yako wazi kabisa, na mjadala wa ni ya nani bado unaendelea.