Aliyekoka Moto na Azoe Majivu

Kama kuna jambo liniudhilo katika dunia hii yenye maudhi mengi, ni mtu kuazima kitu cha watu kikiwa safi akakirudisha kichafu, kisha akasimama kizingitini akitabasamu kana kwamba yeye ndiye aliyetenda ihsani. Nyumbani kwetu tuna sufuria kubwa la pilau, urithi wa marehemu mama, ambalo mtaa mzima hulijua na mtaa mzima huliazima kila itokeapo harusi au khitima. Mwezi uliopita liliazimwa na jirani mmoja, ambaye jina lake nalisitiri kwa kuwa ujirani ni bora kuliko sufuria. Likatoka kwangu linang'aa hata mtu angaliweza kujitazamia ndani yake, na baada ya siku kumi likarudi limegandamana ukoko tangu chini hata ukingoni, na juu ya ukoko mfupa wa mbuzi. Nilipomwuliza alinijibu kwa upole mkubwa, "Mzee wangu, si limerudi?"

Jibu hilo ndilo lililonishikisha kalamu, kwa sababu nimelisikia likitolewa na wakubwa kuliko jirani yangu, wenye manowari na ndege na mabomu, juu ya vitu vikubwa kuliko sufuria, yaani visiwa vya watu. Sitawapotezea wakati kuthibitisha kwamba mwenye kuacha uchafu ndiye mwenye kuuondoa. Hilo hulijua kila aliyelelewa, na sote tulifunzwa chuoni kwamba kuondoa mwiba njiani ni tawi la imani, hata mwiba ulioangushwa na mwingine, sembuse ule ambao mtu aliuangusha kwa mkono wake.

Tazameni habari ya visiwa vya Marshall, vilivyotawanyika katika bahari ya Pasifiki kama punje za mtama zilizomwagika mkekani. Mwezi wa Februari 1946, siku ya Jumapili, watu wakiwa wametoka ibadani, afisa mmoja wa jeshi la majini la Marekani, Ben Wyatt, aliwakusanya wenyeji wa Bikini, mojawapo ya sehemu za visiwa hivyo, ambao jumla yao ilikuwa 167 tu, akawaomba waondoke kwao kwa muda kwa ajili ya manufaa ya wanadamu wote na kukomesha vita duniani. Lizingatieni neno "kwa muda", maana ndilo neno la kila mwazimaji. Watu wale wapole, wasio na ugomvi na mtu, waliitikia, kwani mwenye nguvu mpishe. Na tarehe 1 Machi 1954 ikapasuliwa Bikini silaha ya haidrojeni yenye nguvu sawa na tani milioni 15 za baruti kali. Baadhi yao walirudishwa baadaye, wakaambiwa kwamba kwao kumekuwa salama, na mwaka 1978 wakaondolewa tena kwa kuwa sumu ilikuwa imewaingia mwilini pamoja na chakula cha ardhi yao wenyewe.

Jirani zao wa Enewetak walihamishwa Desemba 1947, wakatupwa Ujelang, kisiwa kidogo na maskini, wakaonja njaa huko kwa zaidi ya miaka 30. Na kule kwao, kati ya mwaka 1948 na 1958, yalipasuliwa mabomu 43. Kisiwa kimoja katika duara la visiwa vya Enewetak, Elugelab, kilikuwapo alfajiri ya tarehe 1 Novemba 1952, na jua lilipopanda hakikuwapo tena, pamebaki shimo chini ya maji. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni hawa walikaa miaka kumi na zaidi, na jembe hawakulishika ila la kuchimbia misingi ya minara ya mabomu.

Insafu yanilazimu kukiri kwamba hatimaye jembe lilishikwa. Tangu mwaka 1977 hata 1980 askari wapatao 4,000 walipelekwa Enewetak kusafisha, wakakwangua udongo wa juu, wakaokota vyuma na takataka, wakavipeleka katika kisiwa cha Runit, ambako bomu moja la Mei 1958 lilikuwa limechimba shimo lenye upana wa zaidi ya mita 100. Humo wakamwaga zaidi ya mita za ujazo 70,000 za udongo na mabaki yenye sumu, wakachanganya na saruji, kisha wakajenga juu yake kuba la zege lenye unene wa karibu nusu mita. Ukilitazama kutoka angani utadhani ni kombe lililopinduliwa kifudifudi, na hapo ndipo nilipoielewa barabara methali yetu ya funika kombe mwanaharamu apite. Walakini kombe hili limefunikwa juu tu. Chini ya shimo hapakutiwa sakafu, na maji ya bahari hupanda na kushuka humo kwa kufuata kujaa na kupwa, kama yafanyavyo pwani yetu. Ndani yake mna plutoniamu, ambayo nusu yake huhitaji miaka ipatayo 24,000 ili ipotee. Na kuba, ambalo halijatimiza hata miaka 50 tangu lilipomalizika, lina nyufa ambazo mtu huziona kwa macho. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini huu ni ukuta wa namna gani, na nani ataujenga, na kwa karne ngapi?

Wataalamu wa hao waliolijenga kuba, wakiulizwa, hujibu kwamba watu wasifadhaike sana, kwa kuwa mchanga ulio chini ya bahari, nje ya kuba, una sumu nyingi kuliko iliyofungiwa ndani, hata kuba likivunjika hali haitageuka kwa kiasi kikubwa. Nao husema kweli, na ukweli huo ndio mashtaka yenyewe! Ni kama jirani yangu aniambie nisihuzunike kwa ukoko ulio ndani ya sufuria, maana alioumwaga uani kwangu ni mwingi zaidi. Kisha, mkataba uliotiwa nguvu mwaka 1986 ukawapa watu wa Marshall dola yao, na pamoja na dola ukawaachia kuba, ukafunga na mlango wa madai. Ukawekwa mfuko wa dola milioni 150 kuwa malipo ya yote, na baraza la madai lilipoketi kupima madhara likahukumu fidia ya zaidi ya dola bilioni 2. Dawa ya deni kulipa, na mganga wa kuivumbua dawa nyingine hajazaliwa.

Wala msidhani kwamba namchukia askari. Vijana wale waliozoa sumu ya wazee wao nawaonea huruma kuliko niwezavyo kueleza, kwa sababu wengi wao walifanya kazi ile juani kwa kaputula na kofia ya jua, wakivuta vumbi puani, na walipougua wakaambiwa kwamba ugonjwa wao hautokani na kazi. Sheria ya kwao iliyowahesabu kuwa watu waliodhurika, wastahilio matibabu, ilitiwa sahihi mwaka 2022, na wengi walikuwa wamekwisha tangulia mbele ya haki. Basi aliyepika hakuosha, na aliyeosha hakuthaminiwa.

Kuna methali moja ambayo wazee watanisamehe kwa kuitaja mbele ya watu wenye staha, isemayo kwamba mavi ya kale hayanuki. Ni methali nzuri katika mambo ya ugomvi wa ndugu na talaka za zamani, na mimi mwenyewe nimeitumia mara nyingi kusuluhisha. Katika habari hii haifai kabisa. Mavi haya ya kale hunuka, na wajukuu wa wajukuu zetu wataisikia harufu yake.

Ikiwa mtamwona mtu ameketi akisema, "Sisi wanyonge tufanye nini mbele ya wenye nguvu?", msimulieni habari ya Kahoʻolawe. Hicho ni kisiwa cha Hawaii ambacho wenyeji walikiheshimu tangu enzi za mababu kuwa mahali pa sala, na jeshi la Marekani likakigeuza shabaha ya mabomu tangu mwaka 1941 hadi 1990. Kidole kimoja hakivunji chawa, hivyo tangu mwaka 1976 wenyeji walijikusanya, wakawa wakivuka bahari kwa siri na kukanyaga kisiwa chao huku mabomu yakiendelea, wakakamatwa, wakafungwa. Na wawili miongoni mwao, George Helm na Kimo Mitchell, walipotea katika maji ya huko Machi 1977, wasionekane tena. Ushupavu ule ulizaa matunda. Upigaji mabomu ulikomeshwa, kisiwa kikarudishwa, na zikatengwa dola milioni 400 za kukisafisha. Lakini angalieni na kipimo cha kazi: fedha zile zilipokwisha, na jeshi likafungasha, robo ya kisiwa ilikuwa haijasafishwa hata juu juu, na sehemu iliyochimbuliwa kwa kina cha zaidi ya mita moja ni kama moja katika kumi. Hata leo mtu hatembei huko bila ya kiongozi ajuaye wapi pa kuweka mguu. Si kimerudi?

Hapa naomba radhi nitoke njiani kidogo, maana nyani haoni kundule, na mimi siwezi kuwakemea wachafuzi wa Pasifiki nikanyamaza juu ya wa kwetu. Nendeni pembezoni mwa mji wowote wa pwani mtazame machimbo ya mchanga na kifusi. Mkandarasi huja na magari yake, akasalimu vizuri, akatoa noti, akachimba mpaka mizizi ya minazi ikaning'inia hewani, kisha akahama na kibao chake, likabaki shimo. Masika yakija shimo huwa ziwa, ziwa likazaa mbu, na watoto wetu wakapageuza pale mahali pa kuogelea. Nyuma ya shamba la ndugu yangu lipo moja ambalo mwaka juzi lilimeza mbuzi wawili, na tukashukuru kuwa ni mbuzi. Alipotafutwa aliyechimba akasema alikuwa na kibali cha kuchimba, na hakuna aliyemwambia afukie! Na ninyi, ndugu zangu mliouza mchanga ule, mkahesabu noti na kufunga mlango, msijifiche nyuma ya mkandarasi. Uungwana wenu naujua, na ndiyo sababu naona haya kwa niaba yenu. Kwani muungwana hauzi tundu ambalo mtoto wa mwenziwe atatumbukia.

Sasa nirejee baharini. Wako wasomaji watakaosema kwamba mambo haya ni ya mbali. Si ya mbali hata kidogo. Kobe wakubwa tuwaonao Changuu, ambao kila mtoto wa Unguja amewahi kuwalisha jani, jamaa zao wako Aldabra, visiwa vilivyo katika bahari yetu hii hii ya Hindi, kilomita 640 hivi kutoka pwani ya Afrika. Mwaka 1965 Waingereza waliikata Aldabra kutoka katika Shelisheli kwa nia ya matumizi ya kijeshi, na mipango ikaandaliwa ya kujenga huko kiwanja cha ndege za vita. Wataalamu wa viumbe wakapiga kelele, na hazina ya Uingereza nayo ikakaukiwa. Novemba 1967 mpango ukaachwa. Leo Aldabra ni urithi wa dunia, na kobe wake, laki moja na zaidi, hutembea bila ya kujua walikoponea. Tahadhari kabla ya hatari. Lakini nani angekuwa na hakika kwamba kila kisiwa kitapata bahati ya hazina ya mwenye nguvu kukauka kwa wakati unaofaa? Kwa hiyo nawasihi wale wote ambao siku moja watajiwa na mgeni mwenye maneno ya asali akitaka pwani, au kilima, au kisiwa, "kwa muda", kwamba kabla ya kumkaribisha kahawa wamwulize nani ataosha, lini, kwa fedha zilizowekwa wapi. Na jibu liandikwe, lishuhudiwe.

Na akikataa kuosha? Hapo nina kisa kimoja ambacho kila nikikikumbuka hucheka peke yangu. Mwaka 1942, wakati wa vita, wataalamu wa Uingereza walijaribu mabomu ya kimeta katika kisiwa cha Gruinard, huko Scotland, wakafunga kondoo pale, na kondoo wakafa. Kisiwa kikapigwa marufuku, vibao vikasimikwa, na serikali ikaahidi kukirudisha kwa pauni 500 siku kitakapokuwa salama. Ikapita miaka, ikapita tena, na vibao vikawa vinapakwa rangi upya. Ndipo mwaka 1981 watu wasiojulikana wakachota udongo, wakauacha karibu na Porton Down, makao ya utafiti ule ule ulioleta kimeta, na tangazo juu yake kwamba ni udongo wa Gruinard. Wakubwa wakaupima, wakakikuta kimeta chao wenyewe. Njia hiyo siisifu, maana sumu si kitu cha kutembezwa barabarani, lakini sikatai kwamba anwani ilikuwa sahihi. Mwaka 1986 kisiwa kikamwagiwa tani 280 za dawa ya fomaldehaidi iliyochanganywa na maji ya bahari, kondoo wakapelekwa kulisha, wakabaki wazima, na Aprili 1990 vibao vikang'olewa. Miaka 48 kwa kisiwa kisichokaliwa na mtu!

Baada ya kukitafakari kisa hicho nilimwita mjukuu wangu, nikamtwika lile sufuria na ukoko wake na mfupa wake, nikatia ndani kumbi moja la nazi na majivu ya kusugulia, nikamtuma kwa jirani apige hodi kwa adabu, aliweke kizingitini, arudi. Leo ni siku ya nne. Jana usiku nilisikia uani kwao sauti ya kukwangua.