Kupaki basi kwa sababu ya majeruhi: ni busara au woga?

Haya wadau, leo tuache kidogo ligi tulizozoea, twende Marekani kwenye NFL. Kuna ubishi mmoja kule unarudi kila msimu. Timu imeandamwa na majeruhi, kocha anaanza kucheza kwa tahadhari kupita kiasi, mashabiki wanamzomea, na yeye anajitetea kwamba hana watu. Nani yuko sahihi? Mimi ni kijana wa fomu foo tu na ile helmeti sijawahi kuivaa, ila mchezo huu nimeufuatilia kwa miaka na msimamo ninao.

Kwa wasioujua, somo la dakika moja. Timu inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ikifanikiwa inapewa mengine manne. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira na ama anaurusha, ama anamkabidhi mwenzake akimbie nao. Kukimbia ni salama zaidi, lakini wastani wake ni kama yadi 4 tu. Kurusha kunaleta yadi nyingi, ila mpira unaweza kunaswa na wapinzani. Jaribio la nne, timu nyingi huupiga mpira mbali kwa mguu na kuwaachia wenzao.

Sasa kocha akibaki na kwotabeki wa akiba, anajiambia: huyu dogo nisimpe mzigo. Jaribio la kwanza kimbia, la pili kimbia, la tatu ndiyo arushe. Kwa mtazamo wangu hapo ndipo anapokosea! Wapinzani si wajinga. Wakishajua utakimbia, wanajaza watu nane mbele na unapata yadi 1 au 2. Jaribio la tatu linafika bado unadaiwa yadi 7 au 8, uwanja mzima unajua mpira utarushwa, na majitu ya kilo 120 yanamvamia kijana bila kusubiri. Yaani ulisema unamkinga, kumbe umemtupa kwenye kazi ngumu kuliko zote. Tena mara nyingi hata wanaomlinda mbele yake ni wa akiba.

Mfano ni Pittsburgh Steelers ya 2019. Ben Roethlisberger aliumia kiwiko mechi ya pili tu, msimu wake ukaisha. Akaingia Mason Rudolph, naye mwezi Oktoba akagongwa mpaka akapoteza fahamu uwanjani. Baadaye zamu ikafika kwa Devlin Hodges, ambaye hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti. Mkimbiaji James Conner na mdakaji JuJu Smith-Schuster nao wakakosa mechi kadhaa kwa kuumia. Kocha Mike Tomlin akaegemea safu yake ya ulinzi, ambayo msimu ule iliongoza ligi nzima kwa kupora mipira, mara 38.

Tuwe wakweli, mwanzoni ilifanya kazi. Walianza kwa kufungwa mechi tatu mfululizo, lakini baada ya mechi 13 walikuwa wameshinda 8 na kupoteza 5. Kisha mafuta yakaisha. Mechi tatu za mwisho walifungwa zote, na kila moja walipata pointi 10 tu! Dhidi ya Buffalo, Hodges alinaswa mipira minne. Wakamaliza 8-8, nje ya mchujo.

Najua kuna mdau atasema: si unaona, walipomwachia arushe akanaswa minne. Hoja nzito hiyo, siikwepi. Lakini angalia alirusha wakati gani. Mpira wa nne ulinaswa dakika za mwisho, timu iko nyuma na kila mtu anajua lazima arushe. Mtu usiyempa mazoezi ya kuamua mapema, usishangae akibabaika saa ya hatari.

Upande wa pili kuna Philadelphia Eagles. Desemba 2017 walimpoteza Carson Wentz kwa goti, na kabla yake walishampoteza Jason Peters, nguzo ya safu yao ya mbele. Nick Foles akatoka benchi. Kwenye Super Bowl ya Februari 2018 dhidi ya Patriots ya Tom Brady, kocha Doug Pederson alikataa pointi 3 za mezani karibu na mapumziko. Jaribio la nne, akaita mchezo ambao Foles mwenyewe alidaka mpira wa bao! Kipindi cha mwisho, wako nyuma 33-32, jaribio la nne tena wakiwa nusu yao ya uwanja, wakarusha na kupata. Walishinda 41-33, Foles akiwa na yadi 373.

Ujasiri una gharama yake pia. Cleveland Browns ya 2023 ilimpoteza mkimbiaji Nick Chubb, kisha kwotabeki Deshaun Watson. Wakamchukua Joe Flacco, miaka 38, aliyekuwa nyumbani bila timu, wakamwambia rusha. Mechi tano alinaswa mara 8, lakini wakashinda nne na kuingia mchujo. Huko Houston wakawachapa 45-14, mabao mawili kati ya hayo yakitoka kwenye mipira yake iliyonaswa. Bado mimi ningechagua njia hiyo. Walifika mahali.

Na kuna siku kocha hana cha kufanya kweli. Januari 2023, San Francisco 49ers walikuwa tayari na kwotabeki wa tatu, Brock Purdy. Akaumia kiwiko mapema, aliyemrithi akagongwa kichwa, Purdy akarudi bila uwezo wa kurusha mbali. Wakafungwa 31-7. Hapo kukimbia si woga, ni ukosefu.

Ila siku kama hizo ni chache. Nyingine naona ni makocha kulinda vibarua vyao. Ukifungwa 16-10 kwa tahadhari, lawama zinawaendea majeruhi. Ukifungwa kwa kuthubutu, lawama ni zako peke yako. Anayelipa ni yule dogo wa akiba, ambaye pengine hatapata nafasi nyingine maishani.

Dawa yangu ni ndogo: mruhusu arushe pasi fupi za haraka jaribio la kwanza, wapinzani wakiwa hawajui kinachokuja. Ndiyo ulinzi wenyewe huo.

Wewe ungekuwa kocha, kikosi nusu kiko hospitali, ungepaki basi? Tiririkeni hapo chini, matusi hapana.

Nawasilisha.