Anayetumwa kwetu aachwe akae ajifunze kusema

Majuzi nilikuwa Chawia, katika mlima nilikozaliwa, juu ya Mwatate katika Kaunti ya Taita Taveta. Nilikwenda kumjulia hali mama, ambaye umri wake unakaribia miaka 80, na kumsaidia kutengeneza matuta ya shamba kabla ya mvua kuanza. Msomaji anayezifahamu sehemu zile anajua kwamba shamba la Mtaita ni kama ukuta wa nyumba. Boga likikuponyoka huko juu, utalifuata hadi kwenye mashamba ya katani ya Mwatate. Pasipo matuta, udongo wote huteremka na maji. Mama amekuwa akichimba peke yake, na mikono yangu, iliyozoea chaki, haikumfaa kitu. Jumatatu nilichimba hatua sita tu nikatokwa na malengelenge.

Jumanne asubuhi wakatokea vijana wawili, majembe begani, viatu vimejaa vumbi jekundu. Walitoka Voi kwa matatu hadi Mwatate, kisha wakapanda mlima kwa miguu, kwa kuwa jirani mmoja aliyekutana nao mjini aliwapa habari za mama. Mmoja alikuwa Mmarekani wa miaka 19. Wa pili Mkongo wa miaka 21, mzaliwa wa Lubumbashi. Kila mmoja alikuwa na kibao cheusi kifuani kilichoandikwa jina lake, na mbele ya jina neno Elder. Walikuwa wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi wetu huwaita Wamormoni. Tangu mwaka 2018 viongozi wa kanisa hilo wamesisitiza kwamba waumini wao wasiitwe kwa jina hilo la mkato. Nitawatii. Sisi Wadawida, ambao dunia nzima inatuita Wataita, tunajua ilivyo kuitwa kwa jina ambalo hukujichagulia.

Kanisa hilo lilianzishwa na Joseph Smith katika jimbo la New York mwaka 1830, na hapa Kenya lilitambuliwa rasmi na serikali mwaka 1991. Vijana wao wa kiume huruhusiwa kwenda umisionari tangu wakiwa na miaka 18, hutumikia miaka miwili bila mshahara, na hawajichagulii nchi. Wala hawajichagulii mwenzi. Huenda wawili wawili, hulala nyumba moja, na haifai mmoja aonekane pasipo mwenzake. Wale wawili waliokuja kwa mama walikuwa wamejuana kwa siku nne tu.

Sikusudii kuzungumzia itikadi yao. Mama ni Mwanglikana tangu utotoni, nami pia, na elimu ya dini ina wenyewe. Ninachotaka kusema kinahusu lugha, ambayo ndiyo kazi inayonipa mkate.

Kwa mtu wa fani yangu, kile kibao cheusi peke yake kilikuwa somo la saa nzima. Katika maandishi ya kanisa hilo kwa Kiswahili, neno Elder limefasiriwa kuwa Mzee. Mfasiri ana hoja: Agano Jipya la Kigiriki lina neno kama hilo, na Biblia zetu zimekuwa zikisema wazee wa kanisa muda mrefu kabla Kitabu cha Mormoni hakijatolewa kwa Kiswahili mwaka 2000. Hata hivyo, neno halihami peke yake. Huhama na jamaa zake. Kwetu mghosi ni mtu aliyekwisha kuoa na kuoza, ambaye maneno yake husubiriwa barazani. Nilipomweleza mama kwamba yule kijana mwenye mashavu mekundu ni mghosi, alicheka hadi akaketi chini. "Mghosi? Huyu hata ndevu hazijaota!" Mmarekani akacheka pia, pasipo kujua alichekwa nini, na hiyo nayo ni adabu ya aina yake.

Kicheko hicho hakikudumu. Ilipofika saa nne mama alileta sinia la chai ya maziwa. Mmarekani akatikisa kichwa akasema, kwa Kiswahili alichokihifadhi: "Hapana, mama. Sitaki chai."

Naomba msomaji aitazame sentensi hiyo. Haina kosa lolote. Mtahini yeyote angempa alama zote: kikanushi kipo mahali pake, kitenzi ni sahihi, matamshi yalikuwa safi kuliko ya baadhi ya wabunge wetu. Lakini kumwambia bibi wa miaka karibu 80 sitaki, naye amesimama mbele yako ameshika sinia alilolibeba mwenyewe, ni kumwambia kwamba humtaki yeye. Mama hakujibu. Aliliweka sinia juu ya jiwe akarudi jikoni, na kwa jinsi alivyotembea nilijua kwamba siku ile imeharibika.

Yule Mkongo aliweka jembe chini, akamfuata hadi kizingitini. Hakuingia ndani. Alichuchumaa nje akasema kwa sauti ya chini: "Mama, tunashukuru sana. Usikasirike. Kwetu chai iko mwiko."

Mwiko! Hilo ni neno ambalo katika nyumba ya Kitaita halihitaji kamusi. Mama, pamoja na Uanglikana wake wote, hajaisahau miiko ya ukoo wa baba yake, wala hajawahi kumdharau mtu kwa kushika wake. Alitoka akauliza jambo moja tu: je, uji nao ni mwiko? Akaambiwa la. Mwiko wao ni chai, kahawa, pombe na tumbaku. Basi kutoka siku hiyo hadi Ijumaa tulikunywa uji, hata mimi niliyekuwa nikiitamani chai ile kimoyomoyo.

Nimelifikiria sana tukio hilo. Kiswahili cha yule Mkongo, kwa vipimo vya darasani, kilikuwa na kasoro kuliko cha mwenzake. Husema batu badala ya watu, na kuya badala ya kuja, kama wasemavyo watu wa Katanga, ambako lugha hii ilifika na misafara ya biashara katika karne ya 19 kisha ikakomaa miongoni mwa wafanyakazi wa migodi ya shaba. Lakini yeye alizaliwa ndani ya Kiswahili. Alijua kwamba kukataa kunaanzia na shukrani, na kwamba mtu hakatai chakula cha mwenyeji akiwa amesimama wima. Mambo hayo hayamo katika vitabu vya sarufi, pamoja na kimoja nilichoshiriki kukiandika.

Siku zilizofuata ndizo zilizonifurahisha zaidi. Mmarekani na Mkongo hawakuwa na lugha ya pamoja iliyowatosha. Mmoja alikuwa na Kiingereza na Kiswahili cha kukariri. Wa pili Kifaransa, Kiingereza kidogo na Kiswahili cha Lubumbashi. Mama aliongeza Kiswahili chake cha milimani, na alipochoka alirudi kwenye Kidawida. Jumatano Mmarekani aliniuliza mimi kila kitu kwa Kiingereza. Alhamisi aliacha kuniuliza. Alianza kumwonyesha mama kidole: mawe, nyasi za napia za kushikilia ukingo wa tuta, mdudu aliyetoka udongoni. Mama alitaja, yeye akarudia, Mkongo akasahihisha kwa namna yake, na mara nyingine wote watatu walikuwa na jina tofauti la kitu kimoja. Ijumaa asubuhi alifika akasema "Kwawuka mana?" hata kabla ya kuweka mfuko chini. Ile gh ya mghosi bado ilimshinda, kwa kuwa lugha ya mama yake haina sauti hiyo, lakini alikuwa akiijaribu njia nzima, Mkongo akaniambia, hadi watoto wa shule wakaanza kuwafuata.

Jambo jingine nitalitaja kwa kupita tu. Hadi Juni 1978 kanisa hilo halikuwapa ukuhani wanaume wenye asili ya Kiafrika. Miaka 50 iliyopita vijana hao wawili wasingeweza kuvaa kibao kile kimoja. Nilimwuliza Mkongo kama anajua. Alisema anajua, alisoma habari hizo kabla ya kubatizwa, na akaendelea kuchimba. Sikumsumbua zaidi.

Sasa nifikie hoja yangu. Milima yetu haikuanza juzi kutembelewa na watu waliotumwa. Johannes Rebmann alipita Taita mwaka 1848 akielekea Uchagani, akauona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Alipita tu, makao yake yakiwa Rabai. J. A. Wray wa shirika la CMS alikuja Sagalla mwaka 1883, na yeye alikaa. Ilikuwa karibu na njaa kuu tunayoiita Mwakisenge, na wenyeji walimshuku kwamba ndiye aliyeizuia mvua. Waliomfuata miaka ile ya mwanzo walikuwa wachache mno. Hata hivyo mwaka 1894 alichapisha sarufi ya lugha aliyoisikia pale mlimani. Simfanyi Wray malaika. Wamisionari wa zama zake walitangulia serikali iliyokuja kututawala, na wengi wao waliiona kutasa, ile ibada yetu ya kutema hasira kifuani, kuwa ushenzi mtupu. Lakini mtu aliyekaa hata akaweza kuandika ngeli za Kisaghala ni mtu aliyeketi na watu jioni nyingi akiwasikiliza, apende asipende.

Utaratibu wa vijana hawa ni mwingine. Kila baada ya majuma sita hivi huja habari za uhamisho. Si wote wanaohamishwa, lakini kila mmoja huwa tayari kufunga mizigo. Natambua kwamba utaratibu huo una faida zake: kijana hujifunza kuishi na watu wa kila namna, wala hapati nafasi ya kujijengea ufalme wake mdogo mahali. Hasara yake ni kwamba anapoanza kujua kukataa chai kwa adabu, huondolewa, na mwingine huletwa kuanzia kwenye sitaki.

Wala nisieleweke kwamba nawasema wao pekee. Bwana shamba anayetumwa milimani kutoka mbali, mwalimu, mfanyakazi wa shirika la misaada mwenye gari jeupe, hata kasisi wa kanisa letu wenyewe: ni wangapi wanaowahi kuambiwa kwamba lugha ya wenyeji ni sehemu ya kazi? Mwaka jana nilimpeleka mama hospitali moja ambayo sitaitaja. Tabibu, kijana Mkenya mpole kabisa, alimwuliza maswali katika mchanganyiko wa Kiingereza na Kiswahili cha mjini, upesi upesi. Mama aliitikia ndiyo kwa kila swali, maana alifundishwa kwamba si heshima kumkatalia mtu mwenye elimu. Alirudi nyumbani na dawa za ugonjwa asiokuwa nao. Nilikuwa nimeketi nje nikisoma gazeti.

Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 7, inaiagiza Serikali kulinda lugha za wananchi na kuendeleza matumizi yake. Maneno mazuri. Lakini sijaona tangazo la kazi katika kaunti yoyote lililomtaka mwombaji aonyeshe kwamba anaweza kumwuliza bibi kizee pale anapoumwa, akamwelewa.

Pendekezo langu ni dogo na halina gharama kubwa. Yeyote anayemtuma mtu kuhudumia vijiji, liwe kanisa, shirika au serikali, amwache mahali pamoja walau mwaka mmoja, na miezi ya kwanza ahesabiwe kuwa yuko kazini akiwa anajifunza lugha. Mafunzo hayo yasifanyiwe ukumbini Nairobi. Yafanyike shambani na jikoni, na mama wa kijijini anayefundisha alipwe kama mwalimu yeyote mwingine. Mama yangu alifundisha siku nne kwa mshahara wa matuta manne na nusu. Naona alidhulumiwa.

Nami nina deni. Binti yangu ana miaka 14, amezaliwa na kulelewa Nairobi. Nyanya yake humsemesha kwa Kiswahili, naye hujibu kwa Kiingereza. Mgeni kutoka Marekani alitoka Chawia Ijumaa jioni akiwa na Kidawida kingi kuliko alichonacho binti yangu, na baba wa binti huyo ni daktari wa isimu. Kwa miaka 15 nimefundisha fonolojia kwa mifano ya lugha za mabara mengine, ilhali sauti ya gh niliyonyonya nayo sijaipa hata mhadhara mmoja.

Jumapili usiku, nikiwa nimekwisha kurudi Nairobi, mama alinipigia simu. Mmarekani amehamishwa. Mkongo amebaki, na Jumanne ataleta mwenzi mwingine, mgeni kabisa. Tuta la tano liko nusu. Mama alitaka kujua kama huyo mpya naye hanywi chai. Jumatatu nikamwandikia mkuu wa idara yangu barua nikiomba kwamba muhula ujao wanafunzi wa mwaka wa tatu wapelekwe Taita kwa majuma manane, wakae kwa wenyeji, wajifunze Kidawida kwao. Binti yangu nitakwenda naye. Jibu la barua bado sijalipata.