UCHAMBUZI: Deni la simu ni la mkopaji, si la mkwewe

MKAZI wa Kiogoro anayekopa Sh3,000 kwa simu aghalabu hudhani kwamba siri hiyo ni ya watu wawili, yeye na mkopeshaji. Siku ya kulipa inapopita ndipo anapotanabahi kwamba walikuwepo wengine. Ujumbe unamfikia mkwewe, mwalimu wa mtoto wake, mzee wa kanisa na hata fundi aliyemjengea jiko miaka mitatu iliyopita, ukiwataka wamhimize alipe. Hakuna hata mmoja wao aliyetia sahihi popote.

Kwingineko huenda hilo likaonekana kuwa kero tu. Katika wadi hii ya eneobunge la Nyaribari Chache, Kaunti ya Kisii, lina uzito mwingine. Abagusii wana chinsoni, yaani staha inayotawala uhusiano wa mzazi na mwanawe, na wa mtu na wakwe zake. Yapo mambo yasiyotajwa mbele ya mkwe hata kwa mzaha, na ufukara wa nyumba iliyomwoa bintiye ni mojawapo. Mkusanya madeni aliyeketi ofisini Nairobi ama halijui hilo, ama analijua barabara na ndilo analolifanya rehani.

Watakuwepo watakaosema kwamba dawa ya deni ni kulipa, na kwamba mdaiwa hana sauti. Ni kweli deni sharti lilipwe. Tena aibu si silaha ngeni vijijini: katika vyama vya akina mama, anayechelewesha mchango huulizwa mbele ya wenzake wote, naye huinamisha kichwa. Tofauti ni kwamba alijiunga akijua hivyo, na wanaomuuliza ni wenye fedha zenyewe. Vivyo hivyo katika ushirika wa akiba na mikopo, mdhamini hutia sahihi akifahamu kiasi anachodhamini. Kuwa na nambari ya mtu katika simu si udhamini. Mkopeshaji anayeigeuza kuwa hivyo huwa amewatwika watu mzigo ambao hawakuukubali.

Sheria yenyewe iko wazi, ingawa wengi hawajaisikia. Kanuni ambazo Benki Kuu ya Kenya ilitoa Machi 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kuwatumia ujumbe watu walio katika orodha ya nambari za mdaiwa, kumtishia, au kumtolea matusi. Leseni 10 za kwanza chini ya kanuni hizo zilitolewa Septemba mwaka huo. Ipo pia Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Chini ya sheria hii, Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu kinyume cha sheria.

Muhimu kwa msomaji ni kwamba haki hii si ya mdaiwa pekee. Mkwe aliyetumiwa ujumbe naye ana haki ya kulalamika, hata kama hajawahi kukopa shilingi. Malalamishi yanaweza kuwasilishwa kwa mdomo au kwa maandishi, na sheria inataka yachunguzwe na kukamilishwa katika siku 90. Kosa la wengi ni kufuta ujumbe huo kwa hasira. Usiufute. Uhifadhi pamoja na tarehe na nambari iliyoutuma, kwani ndio ushahidi.

Afadhali zaidi ni kuziba ufa mapema. Tangu Mei 31, 2023, Google imezikataza programu za mikopo zilizo katika duka lake kusoma orodha ya nambari na picha za mtumiaji. Programu inayopakuliwa kwa kiungo kilichotumwa na rafiki kupitia WhatsApp haikupitia mlango huo. Ikiomba ruhusa ya kusoma nambari zako, ikatae, ikishikilia, iondoe. Kisha litafute jina la kampuni katika orodha ya wenye leseni ambayo Benki Kuu huchapisha.

Hata mkopeshaji akiwa mwadilifu, hata hivyo, kalenda yake haifanani na ya shamba. Mkulima wa majani chai chini ya KTDA hupata malipo madogo kila mwezi, na bonasi mara moja kwa mwaka. Karo inahitajika Januari. Mkopo wa simu nao unataka kulipwa ndani ya wiki chache. M-Shwari ilipozinduliwa Novemba 2012, ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Kwa Sh10,000 hiyo ni Sh750, kiasi ambacho hakiogofyi. Lakini ada kama hiyo ikirudiwa mara 12 hufika Sh9,000, karibu sawa na mkopo wenyewe. Hazina ya Hasla, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, ilikuja na riba nafuu ya asilimia 8 kwa mwaka, lakini mkopo wake wa kwanza ulipaswa kulipwa baada ya siku 14. Mwendeshaji bodaboda anayekopa petroli ya asubuhi na kulipa jioni anafanya hesabu nzuri. Anayekopa karo kwa matumaini ya bonasi ya Oktoba anajitia kitanzi.

Kuna pia suala la matanga. Mtu anapofariki, mwanakamati mmoja huteuliwa kuwa mweka hazina na nambari yake kusambazwa ili michango itumwe. Ikiwa laini hiyo ina deni la Fuliza, kila kinachoingia hukatwa kwanza kulilipa, kwani ndivyo huduma hiyo ilivyoundwa tangu Januari 2019. Mchango wa jeneza unalipa unga wa wiki iliyopita, na mweka hazina, pengine mtu mwaminifu kabisa, anasimama mbele ya waombolezaji akieleza jambo ambalo wachache wataliamini. Kamati na iulize swali hilo kabla ya kutangaza nambari. Kumwona mtu akijibu kwamba afadhali itumike laini ya mwingine, bila kuulizwa sababu, kusiwe ajabu kwa yeyote.