Amani ya Kunyamazishwa

Jumapili moja, katika kanisa ambalo sitalitaja, nilimsikia mhubiri akisema ya kuwa Mkristo aulizaye habari za waliouawa huvunja amani, na ya kuwa ufalme wa Mungu hauna neno na mambo ya dunia hii. Nilirudi kwangu Ipuli nikiwa na uchungu, wala haujapoa. Wasomaji wataniwia radhi nikisema kwamba mahubiri yale yalikuwa upotovu.

Waliouawa twawajua. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, na siku zilizofuata, watu waliuawa Dar es Salaam na katika miji mingine ya Tanzania. Maaskofu Wakatoliki walilaani mauaji hayo, na serikali yenyewe iliunda tume ya uchunguzi. Kama serikali iliona yapo ya kuulizwa, mhubiri amepata wapi amri ya kukataza swali?

Sisi wa Tabora tuna sababu ya kuiogopa amani ya namna hii, maana ilikwisha kutufikia. Januari 1893 Wajerumani, wakiongozwa na Tom von Prince, waliivunja ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, naye akaitia moto ghala ya baruti asishikwe hai. Vita vikaisha. Njia ya misafara, toka Bagamoyo hata Ujiji, ikawa chini ya serikali moja. Lakini aliyelala mtumwa usiku wa vita aliamka mtumwa asubuhi ya amani. Sheria ya kuukomesha utumwa Tanganyika haikutoka mpaka 1922, chini ya Waingereza. Miaka 29! Kengele za misheni zililia muda huo wote. Sisemi wamisionari hawakutenda neno. Walikomboa watoto kwa fedha zao, na hiyo ilikuwa huruma kubwa. Haki ni jambo jingine.

Wanyamwezi humwita mfalme mtemi, na wengi hulitoa jina hilo katika kutema, yaani kukata: kukata msitu ili watu wakae, na kukata mashauri ili wakae pamoja. Mtemi aliyewafukuza wadai barazani kabla ya kuwasikia hakuwa amekata neno lolote, hata kama baraza lilikuwa kimya. Je, ufalme wa Mungu uwe na baraza dogo kuliko la Unyanyembe? Mtume Paulo, alipowaeleza Warumi ufalme huo ni nini, aliitaja haki kwanza, ndipo akaja kwenye amani na furaha. Mhubiri wetu ameliruka neno la kwanza kama mtu arukaye dimbwi asilowe viatu.

Nitaambiwa niwatazame jirani zetu wa Burundi, niogope. Nimewatazama. Mkoa huu wa Tabora uliwapokea Ulyankulu baada ya mauaji ya 1972, na wazee wao wangali wakisimulia. Hawakukimbia maswali, walikimbia bunduki. Na mauaji yale hayakupata hukumu, bali yalifunikwa kimya miaka mingi, na damu ikamwagika tena.

Namtaka mhubiri yule jambo moja tu. Jumapili ijayo, kabla ya kuwaambia waumini wapeane amani, awaulize kama yuko kati yao aliyefiwa siku zile na hajaupata mwili wa ndugu yake. Kisha ashuke mimbarini, akae karibu naye, amsikilize.