*RANGI NYEKUNDU BONDENI: TUKAIFUTE WENYEWE*



Jumamosi tulishuka bondeni kuonyesha mtaro utakapopita. Tuliweka alama ukutani kwa rangi nyekundu, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Nyumba ya tatu, mama mmoja akatoka na ndoo na kitambaa, akaanza kuifuta alama bila kutusemesha. Vijana wetu wakacheka. Nakiri, nami nilitabasamu.

Baadaye jirani yake akanivuta pembeni: "Mwenezi, mmeshasahau X?"

Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wapatao 40 hapa Dar es Salaam, na kaya nyingi za Bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Desemba 2015 zikaja X nyekundu ukutani, na nyuma ya X likaja tingatinga. Watu walilala na watoto juu ya kifusi cha nyumba zao. Aprili 2018 maji yakarudi. Sasa upo mradi mkubwa wa bonde, na tathmini yake, fidia yake na minong'ono yake.

Halafu kwenye vikao vyetu tunasema watu wa kule hawana mwamko. Eti wanatupa taka mtaroni, mkutano tukiitisha wanakuja kumi na mmoja. Mimi siafiki tena. Mtu aliyesimama akitazama nyumba yake ikivunjwa, akiona daftari anawaza tingatinga. Hapaki chokaa, hapandi mti, kwa sababu hajui kama mwakani atakuwepo. Sisi tunakwenda kumpigia kipaza sauti cha usafi!

Wapo watakaosema masika hayasubiri mtu abembelezwe. Kweli, mtaro lazima uchimbwe kabla ya Machi. Lakini ule wa mwaka juzi tuliuchimba haraka bila wenyewe, na mnajua ulivyojaa taka.

Napendekeza hivi. Alama zote tukazifute wenyewe kesho, na tuombe radhi mlango kwa mlango. Twende wawili wawili, bila sare za chama na bila kupiga picha, mmoja awe mkazi wa kulekule. Asiulizwe mtu hadharani alimpoteza nani. Akisema mwenyewe, asikilizwe mpaka amalize, na yasifike kwenye magrupu. Kuhusu fidia tusiahidi kitu, hilo si letu. Tuandike swali lake, tulipeleke Serikali ya Mtaa, turudi kwake na jibu hata kama jibu ni "bado". Njia ya mtaro waonyeshe wao, maana maji yanakopita usiku wanayajua kuliko sisi.

Yule mama nitakwenda kwake mimi mwenyewe.

Wenye ndoo na brashi tukutane ofisi ya tawi kesho saa 1 asubuhi. Wasiokubaliana nami waje kwenye kikao Jumatano saa 10 jioni, tubishane ana kwa ana.

Naomba kuwasilisha.

*Katibu Mwenezi wa Tawi*